Mtoto ametoka homani, kichwa bado kimo vitani

Mvua za masika zilikuwa zinaishia pale mpwa wangu wa miaka tisa aliporudi chuo cha Qurani baada ya siku nane za homa. Kabla ya kuugua alikuwa akiisoma Surat Abasa moja kwa moja, macho kayafumba, mwili ukienda mbele na nyuma. Siku ile alianza vizuri. Alipofika zile aya zinazotaja nafaka, zabibu, zeituni na mitende, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Mara mitende ikatangulia zeituni, mara akaziruka bustani zote akaangukia kwenye matunda. Maalim wake, mtu ninayemheshimu, akamwambia mbele ya wenziwe: "Homa imekwisha, sasa uvivu ndio uliobaki." Akamrudisha nyuma sura tatu.

Nilikuwa nimekaa barazani namsubiri. Nikamtazama uso: midomo imekauka, macho yamezama, kucha zimekuwa nyeupe kama za mtoto aliyepungukiwa damu. Njiani kuelekea nyumbani hakusema neno mpaka tukafika karibu na duka la mahamri, akaniuliza: "Mjomba, mtu akisahau Qurani ni dhambi?"

Swali lile ndilo lililonikalisha kuandika. Watoto wetu hapa Mombasa hubeba kumbukumbu mbili kwa siku moja, ya shule na ya chuo, na sisi watu wazima tuna maneno tayari kwa yule ambaye kumbukumbu yake imelegea: hashiki, kichwa kizito, zuzu. Maneno hayo yakishamganda mtoto hayabanduki. Ninachotaka kusema ni kwamba mara nyingi tunayemwita mzito ni mtoto ambaye kinga ya mwili wake imetoka kumwokoa, au bado imo kazini. Kinga ile ile inayopambana na vimelea ina mkono ndani ya ubongo. Kwa hiyo anayepima kumbukumbu ya mtoto bila kuuliza mwili wake ulikuwa wapi wiki iliyopita anapima nusu ya jambo.

Tuanze na homa yenyewe. Mama zetu wanaijua hali hii bila kusoma popote: mtoto hataki kula, hataki kucheza, hujikunja mkekani, ukimwita huitikia kwa shida. Kwa muda mrefu hali hiyo ilichukuliwa kuwa udhaifu tu, mwili umeshindwa. Mwaka 1988 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Marekani, Benjamin Hart, alieleza kinyume chake: ule uzito ni mpango. Joto la mwili likipanda digrii moja, mwili hutumia nishati zaidi kwa takriban asilimia 10. Nishati hiyo lazima itoke mahali, basi mwili hufunga milango mingine, kucheza, kula, kutembea, na kujifunza pia.

Amri ya kufunga milango hupelekwa na kemikali zinazoitwa saitokini, ambazo seli za kinga huzitoa zikikutana na adui. Habari husafiri kwa damu, tena husafiri kwa neva ya vagasi, ile ndefu inayounganisha ubongo na tumbo. Ikifika juu, ubongo hauishii kusikiliza tu. Una walinzi wake wenyewe, seli zinazoitwa maikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizitambua mwaka 1919, na walinzi hao nao huanza kumwaga saitokini palepale ndani. Sehemu inayoumia upesi ni hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya kila upande wa ubongo, ambayo kazi yake kubwa ni kupokea mambo mapya na kuyashikilia mpaka yakae. Saitokini moja, intaliukini-1, ina vipokezi vingi hapo, yaani mahali pa kushikia kwenye seli. Ikizidi, ile miunganiko baina ya seli za ubongo inayopaswa kuimarika kila mtu anaporudia somo hubaki dhaifu.

Sasa mrudie mpwa wangu. Alhamdu haikumtoka. Kulhuwallahu haikumtoka. Sura alizozihifadhi mwaka juzi alizisoma vilevile hata akiwa na joto kitandani. Iliyomponyoka ni ile aliyoipata wiki tatu kabla ya kuugua, ambayo ilikuwa kama sakafu ya saruji ambayo haijakauka, mvua ikanyesha juu yake. Mvivu angezilegeza zote sawasawa.

Wala si watoto pekee. Huko Uingereza watafiti waliwachoma watu wazima wenye afya njema chanjo ya taifodi, wakawapima saa chache baadaye. Kinga yao ilikuwa imeamka kidogo tu, wala hawakuwa wagonjwa wa kulala. Hata hivyo kumbukumbu yao ya mahali na njia ilipungua, na picha za ubongo zikaonyesha kwamba sehemu inayohusika na kumbukumbu ilikuwa imepunguza kutumia sukari. Mtu asije akaichukulia habari hii kama sababu ya kukimbia chanjo. Ule ni uchovu wa saa chache, na ugonjwa wa taifodi wenyewe hulaza mtu kwa wiki.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba kinga na kusoma ni maadui, mmoja akiingia mwingine hutoka. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Ukweli ni mpana zaidi, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya habari yote.

Mwaka 2004 kundi la watafiti nchini Israeli, miongoni mwao Jonathan Kipnis na Michal Schwartz, waliwapima panya waliozaliwa bila seli T, yaani askari wakuu wa kinga. Kipimo kilikuwa beseni kubwa la maji yasiyoonyesha chini, na ndani yake jukwaa dogo lililozama kidogo. Panya huogelea mpaka alipate, na siku zinazofuata hutakiwa alikumbuke kwa kutazama alama za ukutani. Wavuvi wetu wanaijua elimu hii: mwamba wa samaki hauonekani, lakini nahodha huupata kwa kulinganisha mnara na mbuyu ulio ufukweni. Panya wasio na seli T walihangaika wakashindwa kukumbuka. Waliporudishiwa seli hizo, hali yao ikawa afadhali.

Mtu angeuliza, seli za kinga zinafanya nini kwenye somo la kuogelea? Miaka iliyofuata ikaonekana kwamba panya anapojifunza, seli T hukusanyika kwenye utando unaoufunika ubongo, utando ule ule unaoshambuliwa mtu anapopata homa ya uti wa mgongo. Zikiwa pale hutoa saitokini ya kutuliza, intaliukini-4, nayo husaidia ubongo ufanye kazi yake ya kujifunza. Haziingii ndani. Hukaa mlangoni na kutuma salamu. Mwaka 2015 ndani ya utando huohuo ikaelezwa mishipa ya limfu, mifereji ya kinga ambayo vitabu vingi vya tiba vilikuwa vikisema haiko ubongoni. Hata intaliukini-1 niliyoilaumu hapo juu ina upande wa pili: mnyama akinyimwa kabisa, kumbukumbu yake huharibika vilevile. Kidogo inahitajika, ikizidi inaharibu.

Na maikroglia nao si wamwagaji wa kemikali tu. Ukipita Biashara Street asubuhi ukamtazama fundi cherehani akishona kanzu, utaona anaanza kwa kupiga bandi, nyuzi ndefu za kushikiza kitambaa. Akishapitisha mshono wa kweli, huzichomoa bandi moja moja. Asipozichomoa, nguo hukunjamana. Ubongo wa mtoto hupiga bandi nyingi mno, miunganiko kupita mahitaji yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba protini za kinga, zile ambazo kwenye damu huweka alama kwenye bakteria ili waliwe, ndani ya ubongo huweka alama kwenye miunganiko isiyohitajika. Baadaye ikaonekana kwamba maikroglia ndio wanaopita na kuila. Kwa hiyo kusoma kunahitaji kuunganisha, na kunahitaji mtu wa kuchomoa nyuzi zisizotumika, na mtu huyo ni seli ya kinga.

Ndiyo maana nasema kinga inapoitwa vitani mara kwa mara, hasara haiishii kwenye siku za kulala kitandani. Fundi ameitwa lindoni, na nguo imebaki mezani.

Hapa pwani vita vyenyewe tunavijua kwa majina. Malaria ndiyo kongwe. Kilifi, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka hapa, kuna kituo cha utafiti wa tiba kilichoanza mwaka 1989, na watafiti wake wamewafuatilia kwa miaka watoto walionusurika malaria kali. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopata malaria iliyopanda kichwani alikutwa na upungufu wa akili au lugha, miaka mingi baada ya kutoka hospitalini. Miongoni mwa wenzao ambao hawakulazwa, ilikuwa mmoja kati ya kumi. Wengine hubaki na kifafa, wengine na matatizo ya kusikia. Chanzo ni mchanganyiko: chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuziba njia, na kinga inapozikabili, mapambano yenyewe huijeruhi mishipa hiyo. Mtoto hutoka hai, mzazi humshukuru Mungu, na ni haki yake. Lakini miezi sita baadaye mwalimu humwandikia "hana bidii" kwenye ripoti, wala hakuna anayeunganisha mambo mawili hayo.

Malaria isiyo kali nayo hudai malipo yake, kwa njia ya damu. Kinga ikiamka, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufungia madini ya chuma yasiingie kwenye damu, kwa sababu vimelea na bakteria wengi huyahitaji ili wazaane. Ni hila nzuri ya vita. Lakini ubongo nao unahitaji chuma hichohicho ili ujenge nyaya zake na kemikali zake za mawasiliano. Ndipo mama hununua maini robo kilo, huchemsha mchicha, mtoto hula, na kucha zinabaki nyeupe: mlango bado umefungwa. Minyoo ya safura hufika sehemu hiyohiyo kwa njia nyingine, kwa kunyonya damu tumboni. Wazee walijua kwamba mwenye safura huwa mzito na mvivu wa kusema. Waliona sawasawa, ila wengi waliuita ule uzito tabia.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa uaminifu, kwa sababu linapunguza wepesi wa hoja yangu. Kati ya mwaka 2010 na 2012, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika shule 101 za msingi za upande wa Kwale, watafiti walijaribu dawa. Katika baadhi ya shule, kila muhula watoto walipimwa malaria, na waliokutwa na vimelea wakatibiwa. Baada ya miaka miwili, upungufu wa damu na umakini darasani haukuwa tofauti na wa shule ambazo watoto hawakupimwa. Lakini katika mradi huohuo baadhi ya walimu walisaidiwa namna ya kufundisha kusoma, wakapewa mipango ya masomo na kutumiwa ujumbe wa simu wa kuwatia moyo. Watoto wa walimu hao walisoma vizuri zaidi, na wachache zaidi wakaacha shule.

Nimeyafikiria matokeo hayo mara nyingi. Hayasemi kwamba malaria haina neno na akili. Dawa unayompa mtoto mwezi wa tatu haimzuii mbu wa mwezi wa nne. Ninachokisoma mimi ni kwamba tiba ya mara moja moja haitoshi kurudisha kilichopotea, na kwamba mikono ya mwalimu ni sehemu ya tiba. Mtoto anayefundishwa taratibu, kwa mpangilio, anapata nafasi ya kupitisha tena mshono uliofumuka. Anayefokewa hapati. Woga humwaga homoni ya kortisoli, nayo huziba njia ya kukumbuka hata jambo ambalo mtoto amelihifadhi kweli. Viboko vimekatazwa na Katiba yetu ya mwaka 2010. Aibu ya mbele ya wenzio haiachi alama mwilini, lakini kwa mtoto aliyetoka homani huenda inaumiza zaidi.

Kuna wakati kinga hukosea kabisa ikaishambulia kumbukumbu moja kwa moja. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili, zile protini za kinga zinazopaswa kushika vimelea, hushika vipokezi vya NMDA ubongoni, vipokezi ambavyo kumbukumbu huvitegemea. Mgonjwa, mara nyingi msichana au mwanamke kijana, huanza kwa kichwa kuuma na homa kidogo, kisha husema maneno yasiyoeleweka, huona vitu, hupiga kelele, husahau mazungumzo ya dakika iliyopita, mwili hukakamaa, kisha huja degedege. Kila mtu wa pwani akisoma maelezo hayo anajua tungesema nini mtaani: amepandwa na pepo. Simkatazi mtu kumsomea mwanawe; mimi pia ningemsomea. Nawaomba tu wazazi kisomo kiendelee wakiwa njiani kwenda hospitali, kisiwe badala yake. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za kutuliza kinga, na wengi hupona vizuri wakiwahi.

Usingizi nao unaingia hapa. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya Marekani ambapo vijana waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku kadhaa, walichanjwa dhidi ya mafua makali. Siku kumi baadaye kingamwili zao hazikufika nusu ya za wenzao waliolala kawaida. Usingizi ndio wakati ambao somo la mchana huhamia kwenye hifadhi ya kudumu, tena ndio wakati kinga hujiandikia yake. Mtoto wetu huamka alfajiri, hushinda shule, jioni huenda chuo, usiku hufanya kazi za nyumbani, na wakati wa kaskazi joto ndani ya chandarua humkosesha usingizi mpaka saa sita. Tukimpunguzia usingizi ili asome zaidi, tunampokonya vyote viwili.

Kisha kuna maji. Mombasa ina kiu ya miaka, na kila nyumba ina mapipa na mitungi ya akiba. Mbu wa dengi na chikungunya hutaga humo, na mbu huyo huuma mchana, wakati watoto wamekaa madarasani miguu wazi. Dengi ilitusumbua mwaka 2013. Chikungunya, neno la Kimakonde la kujikunja, ilikuja mwishoni mwa 2017 ikawakunja wazima na watoto mtaa kwa mtaa. Kifuniko cha pipa uani kwa mwalimu ni kifaa cha kufundishia kama chaki, na ningependa kuona kaunti inakihesabu hivyo.

Nilirudi kwa maalim Ijumaa baada ya magharibi. Nilimwamkia, nikamngoja amalize nyiradi zake, nikamweleza haya kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa. Sikumlaumu. Ana watoto arobaini chini ya paa moja, na hakuna aliyemwambia mpwa wangu alikuwa na nini. Sisi wenyewe tulimleta tu mlangoni tukaondoka. Nilimwomba wiki mbili za kurudia tu, bila sabaki mpya, yaani bila somo jipya. Akanyamaza, akazungusha tasbihi. "Wiki moja," akasema, "kisha nitamtazama mwenyewe." Halafu akaniuliza kama kuna watoto wengine mtaani kwetu walioumwa mwezi huu, akataka majina yao. Nilimtajia wanne. Akayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio, na mbele ya kila jina akaandika tarehe.

Jana usiku mtoto alikuwa ukumbini akimsomea bibi yake, taa zimekatika, bibi anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Alipofika zeituni akanyamaza. Nikataka kumsaidia, bibi akaninyanyulia mkono. Kipepeo kikaenda na kurudi mara nne, mara tano. Akasema mitende. Kisha bustani.